Kisanduku cha Bure

Kikundi chetu cha ufugaji nyuki kina wanachama kumi na wanane, mizinga zaidi ya mia moja, na katibu mmoja, ambaye ni mimi. Kijiji kiko upande wa Itigi, ambako vichaka vimesongamana kiasi kwamba mtu mnene hashauriwi kwenda kuvuna. Kwa miaka tisa niliandika kila kitu kwa mkono: mzinga gani umetundikwa wapi, umevunwa lini, umetoa kilo ngapi. Daftari la kwanza lililiwa na mchwa. La pili lilimwagikiwa na asali, na kurasa zake kumi na moja hazijafunguka mpaka leo.

Mnunuzi wetu wa mjini alipotuambia kwamba msimu unaofuata kila ndoo ije na karatasi iliyochapwa, ikionyesha asali imetoka mzinga upi, kikundi kilikubaliana kununua kompyuta. Zilitengwa laki sita. Wengi walitaka laptop iliyokwisha kutumika. Nilisimama nikapinga. Nilisema laptop ya bei ile betri yake huwa imeshakufa, na kikiharibika kitu kimoja umepoteza vyote. Kompyuta ya mezani ni kama baiskeli: tairi likiisha unanunua tairi. Nikasema nitachagua vipande kimoja kimoja na kuiunda mwenyewe, na fedha zitatosha, maana karatasi zenyewe tutachapisha mjini.

Niliulizwa nimesomea wapi. Nikajibu kwamba niliishia darasa la saba, ila kwa miaka minne nimekuwa nikisoma habari za kompyuta kwenye simu. Jibu hilo halikuleta imani niliyotarajia.

Mweka hazina wetu ni mama aliyenizidi umri kwa miaka kumi na mitano. Zamani aliuza chai stesheni, na inasemekana hakuna abiria aliyewahi kuondoka na kikombe chake, hata treni ilipokuwa imeshaanza kutembea.

"Na isipowaka, mwanangu?" aliniuliza.

Nikasema isipowaka mbele ya mkutano wa mwezi ujao, nitauza ng'ombe nirudishe fedha, na ukatibu nitamwachia mwingine. Aliyaandika maneno hayo yeye mwenyewe, akieleza kwamba katibu hawezi kuandika dhamana yake mwenyewe. Nyumbani mke wangu aliniuliza nimeweka rehani ng'ombe yupi. Tunaye mmoja.

Nilianza kwa kuchora jedwali. Upande wa kushoto niliandika vipande, katikati kazi ya kila kipande, kulia bei kutoka kwa wauzaji watatu. Kanuni yangu ilikuwa moja: sinunui kitu mpaka nijue kinakaa juu ya nini. Prosesa, ambayo ndiyo inayofikiri, hukaa juu ya ubao mkuu, na si kila prosesa hukubali kila ubao. Ramu, ambayo ndiyo hushika kile unachokifanya kwa wakati huo, ina mwanya mdogo kwenye meno yake. Za kizazi cha tatu na cha nne zinafanana kwa macho, lakini mwanya hauko mahali pamoja, na ukilazimisha utavunja kitu. Haya yote niliyaandika.

Muuzaji niliyemchagua alikuwa Dodoma. Tuliongea kwa simu mara nyingi, naye aliniita "mzee wangu" kwa sauti ambayo kila siku ilipungua uchangamfu. Siku moja alinipa prosesa ya bei ndogo ajabu. Nilimwomba anisomee herufi zote zilizoandikwa mgongoni, nikaomba anipe dakika ishirini. Nilipompigia tena nilimweleza kwamba ile haina uwezo wa picha ndani yake. Ingehitaji kadi ya picha pembeni, na bei ya kadi hiyo haikuwemo katika maelezo yake.

"Mzee wangu, wewe ni mwalimu?" akaniuliza.

Nikamwambia nafuga nyuki. Akanitajia prosesa nyingine.

Baada ya wiki mbili jedwali lilikamilika. Prosesa na ubao vilikuwa vimetumika, vyote viwili vikiwa na ahadi ya kurudishwa. Ramu ilikuwa moja ya giga nane, nafasi ya pili ikiachwa wazi kwa siku za neema. Diski ilikuwa ndogo lakini mpya, kwa sababu diski ndiyo itakayobeba daftari, na daftari halinunuliwi mtumba. Skrini, kibodi na kipanya vilikuwa vya mtumba. Pawa saplai, kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa wengine, niliagiza mpya. Umeme wetu una tabia zake, na hapo si mahali pa kubana matumizi. Jumla ikawa laki tano na elfu sitini, na elfu arobaini zilibaki kwa usafiri.

Kilichokosekana ni kasha la kuviweka. Kasha la bei ya chini kabisa lilikuwa elfu tisini.

Niliiangalia elfu tisini kwa siku tatu. Ilikuwa bei ya bati lililokunjwa. Halifikiri, halikumbuki chochote, wala haligawi umeme. Siku ya nne niliingia stoo ya kikundi kutafuta nyundo, nikaona kwenye rafu visanduku vyetu vya kutegea nyuki. Ni visanduku vya mbao, vidogo kuliko mzinga, ambavyo hutundikwa mitini ili kundi linalohama lione nyumba na kuingia. Nilipima kimoja kwa futi kamba. Ubao mkuu, uliokuwa umeshafika na mzigo wa kwanza, uliingia na nafasi ikabaki. Mfuniko ulifunguka kwa juu. Nilikichukua. Kwenye jedwali niliandika: Kasha, sifuri.

Nilikitengeneza kwa uangalifu ambao bado najivunia. Nilikata kalamu za plastiki vipande vifupi ili ubao mkuu uinuke na usigusane na mbao. Nilitoboa tundu la feni nikaliziba kwa wavu. Nyuma nilikata mlango wa pembe nne wa kuweka pawa saplai. Kisha nikafikiria mchwa, waliokula daftari la kwanza, nikafikiria pia upepo wetu wa kiangazi unaopitisha vumbi hata kwenye ufa usioonekana. Nikachukua nta, nikaiyeyusha, nikapaka kisanduku chote ndani, kona kwa kona. Mwenyekiti wa kikundi alipita akanusa. Akasema kazi nzuri. Yeye amefuga nyuki tangu utoto, na mimi nina miaka ishirini kwenye kazi hiyo. Wote wawili tulisimama pale tukakubaliana kwamba nta ni wazo zuri.

Nilifunga ubao, prosesa, ramu na diski, nikafunika, nikakiweka juu ya meza ya chumba cha uani karibu na dirisha. Pawa saplai ilikuwa bado haijafika, kwa hiyo ule mlango wa nyuma ulibaki wazi. Miti ilikuwa imeanza kutoa maua.

Mzigo wangu wa mwisho ulifika Itigi na basi siku ya Alhamisi, na mkutano ulikuwa Jumamosi. Nilirudi na pawa saplai mapajani, nikamkuta mke wangu amekaa nje ya ukuta na kuku wote wamehamia upande wa mbele.

"Wageni wako wamefika," alisema. "Wameenda moja kwa moja chumbani kwako."

Sikuhitaji kuingia. Nilisimama dirishani nikawaona wakiingia na kutoka kwa mlango wa pawa saplai, kwa utaratibu, kama watu wanaohamisha vyombo. Kisanduku cha kutegea nyuki, kilichopakwa nta, msimu wa maua, kikiwa na mlango mmoja. Kama ningetaka kuwafundisha wanachama wapya namna ya kukamata kundi, nisingebadilisha hata kitu kimoja.

Sasa kuna kanuni ya kikundi, na niliiandika mimi. Inasema kundi likiingia kwenye kisanduku cha kikundi, katibu aliandike siku hiyohiyo, na lisisumbuliwe mpaka lijenge masega, maana kundi changa likisumbuliwa huondoka. Kujenga masega huchukua wiki mbili hivi. Mimi nilikuwa na siku moja na nusu.

Ningeweza kuwatoa kwa moshi kimyakimya. Ninajua namna ya kufanya hivyo, na mke wangu asingesema. Moshi wenyewe ungeacha masizi kwenye ubao mkuu, lakini masizi husafishika. Nilikaa na bomba la moshi mkononi kwa muda, bila kuliwasha. Kisha nilichukua daftari nikaandika tarehe na maneno haya: kundi moja, kisanduku namba saba, chumba cha katibu. Baada ya hapo sikuwa na la kufanya ila kwenda kwa mweka hazina.

Nilimpa shikamoo na kumweleza mambo yote kwa mpangilio wa kutokea kwake. Aliitikia, akavaa kanga ya pili, akatuma mtu amwite mwenyekiti. Mwenyekiti ni mtani wangu, kwa hiyo nilijua kitakachokuja.

"Katibu," alisema alipofika dirishani, "umeoa malkia bila hata kutuletea barua?"

Nikamwambia sikupewa muda.

"Angalau umemnunulia kompyuta. Sisi wake zetu tuliwapa jembe."

Mweka hazina hakucheka. Alikuwa anatazama kisanduku.

"Kwenye karatasi yako hiki umekiandika shilingi ngapi?"

"Sifuri, mama."

"Kisanduku kinachoingiza kundi kwa siku moja?"

Jambo hilo ndilo lililonikera kuliko nyuki wenyewe. Nilikuwa nimemsomesha muuzaji wa Dodoma kuhusu gharama zilizofichwa, kisha nikaficha ya kwangu mahali ambapo hata mimi sikuiona.

Uamuzi ulikuwa wake. Alisema nyuki hawatatolewa ila kompyuta ndiyo itatolewa. Jua lilipopoa tuliingia watatu, tumejifunika nyuso. Kundi jipya hujining'iniza chini ya mfuniko, kwa hiyo mwenyekiti aliunyanyua mfuniko taratibu na nyuki wote wakining'inia, akaushika hivyo juu ya kisanduku kingine kitupu. Mimi nilifungua skrubu. Mweka hazina alinimulikia kwa tochi na kunihesabia skrubu kwa sauti. Nilipata miiba minne, mitatu ikiwa mkono uleule. Ubao ulipotoka, mfuniko ulirudishwa mahali pake, na nyuki wakaendelea na shughuli zao kana kwamba ni sisi tuliokuwa tumekosea nyumba.

Jumamosi niliifunga kompyuta juu ya mlango wa kabati la zamani na kuulaza mezani, kila kitu kikiwa wazi. Wanachama kumi na saba walikuja. Mweka hazina aliweka karatasi ya dhamana mezani, pembeni ya kibodi. Nilibonyeza. Feni ilisita, ikatema nyuki mmoja aliyekufa, ikaanza kuzunguka. Skrini ilibaki nyeusi.

Mke wangu, aliyesimama mlangoni, aligeuka akaangalia zizi.

Nilizima, nikachomoa waya. Nikatoa ramu. Katika mwanya wake kulikuwa na punje ya nta, ndogo kama ufuta, na sikuweza kujua kama ni ya nyuki au yangu. Niliitoa kwa njiti ya kiberiti, nikafuta meno ya ramu kwa kitambaa, nikairudisha mpaka vibanio vyake vikalia pande zote mbili. Nikabonyeza tena. Skrini iliwaka.

Mweka hazina alisubiri mpaka nikafungua jedwali na kuandika mstari wa kwanza. Aliuchagua yeye: kisanduku namba saba, kundi moja. Kisha akaikunja dhamana akaitia ndani ya kanga. Hakuichana, na hajaichana bado.

Ng'ombe yupo. Kisanduku namba saba kiko msituni, na mwaka huu kilitangulia mizinga mingi kwa kutoa asali. Kompyuta inafanya kazi ikiwa imelala wazi juu ya mlango wa kabati, na kila Ijumaa naifuta vumbi kwa brashi ya rangi. Mara mbili nimependekeza mkutanoni tuinunulie kasha. Mweka hazina huuliza bei. Nasema elfu tisini. Naye huniuliza, kwa upole kabisa, kama sijaona kingine cha bure.