Miezi Minne na Siku Kumi za Lori la Maji

Mume wangu alikufa nikiwa na mimba ya miezi saba na nusu, na kitu pekee cha maana alichoacha kilikuwa lori la maji. Tulikaa Ansab, katika nchi ya Waarabu, mwisho wa miaka ya tisini, wakati nyumba nyingi za upande wetu hazijafikiwa na mabomba na watu wakinunua maji kwa tangi. Lori lilikuwa la Kijapani, buluu iliyopauka kwa jua, na lilinizidi umri kwa mwaka mmoja. Mimi nilikuwa na ishirini na tatu. Watu wakilicheka. Mume wangu akisema waache wacheke, matangi yao yakikauka watapiga simu wenyewe.

Na walipiga. Lori lile ndilo lililotulisha.

Lazima nieleze sheria yake, maana bila ya sheria hiyo hakuna ambacho kingetokea. Kila mwaka gari hupelekwa kwenye ukaguzi, sisi tukiita fahsi, ndipo ile kadi yake ya umiliki, mulkia, ihuishwe. Wanatazama breki, taa, matairi. Miaka ile wakaongeza kipimo cha moshi. Malori makuukuu kama letu, yaliyokuwamo daftarini kabla ya sheria, yalisamehewa moshi kwa sharti moja tu: mulkia isikatike. Tarehe ikipita unapewa mwezi mmoja. Mwezi nao ukipita, lori limetoka daftarini, na ukitaka kulirudisha linapokelewa kama geni na linapimwa moshi kama jipya. Lori letu likiwashwa, jirani alikuwa akianua nguo zake kambani. Mume wangu alijua vizuri kwamba siku litakapopimwa ndiyo siku litakapokufa, kwa hiyo kila mwaka alikwenda wiki mbili kabla ya tarehe.

Alianguka asubuhi, pale mahali pa kujazia maji, akiwa kashika mpira. Moyo tu. Hakuwahi kuugua.

Mamkwe akaja na kunishika mkono akanitia chumba cha nyuma. Yeye ni mtu wa Unguja, mjane wa siku nyingi, na huyu alikuwa mwanawe wa pekee. Sisi kwetu tumetoka bara, Tabora, na yeye hakuacha kunikumbusha, si kwa ubaya, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kwamba kavaa kanzu kinyume. Alinivisha nguo nyeupe, akaondoa udi na manukato, akafunga luva za dirisha. Akanambia miezi minne na siku kumi, mwanangu. Hutoki, huonwi na mwanamume asiyekuwa maharimu wako, hujipambi. Sikuuliza. Nani anauliza siku hiyo.

Nilichora mistari kwa penseli ndani ya mlango wa kabati, kila siku mstari mmoja. Chumba kilikuwa na kitanda, kabati, na mashine ya baridi iliyokuwa ikinguruma kiasi cha mtu kujisahau kwamba hajasema neno tangu asubuhi. Wanawake walikuja siku za mwanzo, wakalia, wakala halwa, wakaondoka. Baadaye wakaja wachache, na mamkwe akiwapokea ukumbini na kuwaambia nimelala. Nilikuwa siko usingizini. Nilikuwa nawasikia.

Wiki ya tatu nikamwambia, "Mama, mulkia ya lori inakwisha mwezi ujao."

"Unahesabu magari, na mumeo hitma yake hata siku arubaini haijafika?"

"Si magari, mama. Lori moja."

"Lori haliendi pahala. Lina matairi, halina miguu."

Warithi tulikuwa watatu: mimi, yeye, na aliyekuwa tumboni. Kaka yangu anayekaa Al Khoudh, ndugu yangu pekee niliyebaki naye, alikwenda ofisi ya usajili kunijaribia. Wakamrudisha. Aje mrithi mwenyewe, au aje wakala na wakala asainiwe mbele ya kadhi. Kwa kadhi siendi, niko eda. Mamkwe angeweza. Alisema miguu inamuuma, na Kiarabu cha karatasi hakijui, na yote mawili yalikuwa kweli. Kaka akanambia, "Usijali. Ukitoka eda tutaliangalia, na wewe na mtoto mje mkae kwetu." Alisema hivyo ukumbini, mlango uko wazi, mamkwe anamimina kahawa.

Nikajifungua mtoto wa kiume. Nilipelekwa hospitali nimefunikwa gubigubi, nikarudishwa vile vile siku ya pili, na nikaingia chumba kile kile. Niliamini nimeruhusiwa kutoka kwa dharura tu. Nikaanza arubaini ndani ya eda, kifungo ndani ya kifungo. Mamkwe alinikanda, alinipikia mchuzi wa pilipili manga, alimuosha mtoto kwa mikono yake. Siwezi kusema hakunitunza. Alinitunza kuliko nilivyotunzwa na mtu yeyote tangu mama yangu afe, na hilo ndilo linalonitia hasira hata leo ninapoandika.

Dereva wetu alikuwa Mbaluchi mtu mzima, aliyefanya kazi na mume wangu tangu kabla hatujaoana. Siku mulkia ilipokwisha alikuja nje ya dirisha langu, akageuka akatazama ukuta kwa adabu, akasema kwa Kiarabu chake cha kuungaunga, "Bibi, leo karatasi kwisha. Mimi barabarani siendi tena. Polisi."

"Usiende. Lakini liwashe kila siku, betri isife."

"Nitawasha."

Akawa anawasha. Kila asubuhi saa moja nasikia mlango wa lori, injini ikikohoa, kisha inakubali, inanguruma dakika kumi hivi, na harufu ya dizeli inaingia kwenye luva. Kisha inazimwa. Mtu akiwa peke yake sana hupata mazoea ya ajabu. Mimi nikawa namnyonyesha mtoto kwa saa ile, ili tuwe watatu. Simu ikilia ukumbini nasikia mamkwe akijibu, "Maji hatuleti. Hatuleti. Sijui lini." Baada ya muda simu ikaacha kulia.

Arubaini ikaisha. Nilioga, nikafunga kilemba kipya, nikasema kwa kuuliza, "Mama, nisingeweza sasa kwenda mara moja tu pale ofisini? Nirudi."

Hakunitazama. Alikuwa akikunja nepi za mtoto. "Arubaini imekwisha, eda bado. Wewe umesoma skuli mpaka ukamaliza, hesabu huijui?"

Niliijua. Mistari yangu kabatini ilikuwa bado haijatimia. Nikakaa. Nilisomeshwa mpaka sekondari, nikafundishwa sehemu za jani na mito ya nchi ambazo sitaziona, lakini la mwanamke mwenye mimba kufiwa na mume halikuwahi kufika darasani, au lilifika siku nina homa.

Siku ya mia moja na thelathini na kitu nikatoka. Asubuhi ya pili yake nilivaa abaya, nikambeba mtoto, nikapanda lori pembeni ya dereva, tukaenda kwenye ofisi ya usajili. Alisita kidogo kuingia barabarani bila ya mulkia. Nikamwambia wakitukamata nitasema mimi. Jua liliniuma macho kama mgonjwa. Nilikuwa nimesahau kwamba barabara ina watu wengi hivyo.

Foleni ilikuwa ya wanaume watupu, madereva na mamandubi, wale wajumbe wa makampuni, wenye mafaili. Walinipisha mbele kwa sababu ya mtoto. Afisa alikuwa kijana, kofia kaivaa vizuri, Kiarabu chake cha kiofisi. Akatazama kadi.

"Imepita zaidi ya miezi miwili. Kwa nini?"

"Nilikuwa eda."

Uso wake ukalegea. "Allah amrehemu. Mwenye eda ana udhuru, hilo linazingatiwa. Mwezi wako tunauhesabu tangu eda ilipokwisha. Nipe cheti cha kifo, na cha warithi."

Nilimpa vyote, na cheti cha kuzaliwa mtoto juu yake. Akaviweka kimoja pembeni ya kingine. Akaweka kidole kwenye tarehe ya kifo, akaweka kidole kwenye tarehe ya kuzaliwa. Kisha akaniinamia, akaacha Kiarabu, akasema kwa Kiswahili, tena cha Unguja kama cha mamkwe wangu, sauti ya chini wasisikie walioko nyuma:

"Dada, alipofariki ulikuwa mjamzito?"

"Ndiyo."

"Ukazaa siku hii."

"Ndiyo. Ndiye huyu."

"Sasa ulikuwa ukikaa eda gani?"

Nilidhani ananicheza shere. "Eda ya mume. Miezi minne na siku kumi."

"Hiyo ya asiyekuwa na mimba, dada yangu. Mwenye mimba eda yake inakwisha anapojifungua. Hata ikiwa siku ya pili ya msiba." Alinitazama. "Usinambie hukuambiwa."

"Nani aniambie?"

Alirudi kwenye karatasi. Naamini alitafuta kweli, maana alipiga hesabu mara mbili nyuma ya bahasha. "Eda yako ilikwisha mulkia ingali hai. Mwezi wa nyongeza ukaingia, na hata nikikuachia arubaini yako yote, ulipotoka arubaini ulikuwa bado na siku tisa. Tisa nzima. Ningekuona hata siku ya tisa, ningekupigia muhuri." Akaisukuma kadi upande wangu. "Sasa limetoka daftarini. Lipite kwenye moshi."

Siku tisa. Nilizikumbuka moja moja palepale mbele ya kioo chake. Siku nilizokunja nepi. Siku niliyolala mchana kutwa kwa kukosa la kufanya. Siku niliyosikiliza lori likiwashwa na kuzimwa nikasema moyoni, subiri, bado kidogo.

Tukalipeleka kwenye moshi. Mkaguzi aliingiza kijiti cha waya kwenye bomba la nyuma, akamwambia dereva akanyage mafuta. Wingu lilitoka jeusi, likafunika mkaguzi na meza yake, na wanaume waliokuwa wakisubiri wakacheka na kupiga makofi. Mmoja akasema, "Mzee huyu kavuta sigara maisha yake yote." Dereva hakucheka. Wakatupa wiki mbili. Gereji walibadilisha chujio, wakasafisha nozeli, wakatuambia ugonjwa uko ndani zaidi, na vyuma vya injini ya namna ile haviagizwi tena. Tukarudi, likatoa wingu lile lile, pengine jembamba kidogo. Wakalikataa kabisa, wakataka namba zake zirudishwe. Yule dereva ndiye aliyefungua namba mbele na nyuma kwa bisibisi yake mwenyewe. Alikataa mtu mwingine aziguse. Alizifuta kwa kilemba chake kabla ya kuzikabidhi, akanipa salamu, na sikumuona tena. Nilisikia amepata kazi Matrah, kwenye ghala.

Siku hiyo nilirudi nyumbani kwa teksi. Wiki mbili zote zile nilikuwa nimelimeza swali langu, nikingoja mwisho wa lori. Mamkwe alikuwa jikoni anachambua mchele. Sikukaa.

"Mama, ulijua?"

"Nlijua nini?"

"Kwamba eda yangu ilikwisha nilipozaa."

Aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe moja, akaliweka pembeni ya sinia. Akatoa jingine.

"Nlijua," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

"Kakako alisema ukitoka eda atakuchukua. Nlimsikia. Alisimama hapo hapo ukumbini kwangu, anakunywa kahawa yangu, anasema atakuchukua wewe na mtoto." Mikono yake ikasimama. "Mwanangu kafa. Nkasema nkae nanyi kidogo. Miezi miwili mitatu, nini? Sikujua ya lori. Wallahi sikujua lori lina siku zake."

"Nilikwambia. Zaidi ya mara moja nilikwambia."

"Ulinambia karatasi. Karatasi kila siku zinakwisha, zinafanywa nyengine."

Hapo nikamwambia jambo ambalo mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri kulisema. Nilisema sauti ya kawaida, mtoto yuko begani. Nilimwambia kwamba mimi sikuwa na niya ya kwenda Al Khoudh. Kaka ana mke na watoto na nyumba imejaa. Wateja wa maji wote wako Ansab, dereva yuko Ansab, lori linalala Ansab. Ningekaa hapa hapa kwake, nimlee mtoto hapa, niendeshe biashara ya babake mtoto, yeye ajibu simu. Hiyo ndiyo hesabu niliyokuwa nikiipiga chumbani siku zote zile. Sikumwambia kwa sababu hakuna aliyeniuliza, na kwa sababu nilidhani inajulikana.

"Sasa nitakula nini hapa, mama? Nitakuuzia maji kwa ndoo?"

Alikuwa ameinamisha uso kwenye sinia.

Kaka alikuja kutuchukua baada ya siku nne. Mamkwe alikuwa amefua nguo zote za mtoto na kuzipiga pasi, hata zilizokwisha kumbana. Alimshika, akamnusa shingo, akanirudishia. Nilimsubiri aseme nisamehe, na labda yeye alinisubiri niseme nimesamehe. Sote wawili ni wabishi.

"Ijumaa utamleta?" akauliza.

"Sijui."

Sikumpeleka Ijumaa ile, wala ya pili. Nilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba ya kaka yangu, na mtoto analia, na nje wanacheka watoto wa watu, na hakuna aliyekuja kunikanda mgongo. Ijumaa ya tatu nilipanda teksi nikampeleka. Alifungua mlango kabla sijagonga. Tulikula wali na samaki, sisi watatu, na hatukuzungumza chochote cha maana, na jioni nikarudi Al Khoudh.