Vyungu Vyangu Vimeuzwa kwa Bei Yangu

Shikamoo mama. Mdogo wangu Nakijwa, shemeji Elieza, watoto wote hapo Gonja, hamjambo?

Leo nimeshinda!

Mwenye duka hapa Same kashika vyungu vyangu, akacheka. "Mama, udongo si wa bure? Punguza bei!"

Akikataa, navipandisha tena mlimani.

Nikajikaza. "Baba, vingine vilipasuka motoni. Kuni zake, ushuru wa soko, punda wa kuteremshia, vyote nimevigawa kwenye bei hii. Kila chungu kizima kinabeba fungu lake."

Akaitikia: "Kweli. Hata mkate wangu unabeba pango la duka."

Akachukua vyote kumi, bei yangu!

Nakijwa, usiuze tena vyungu vyako kwa kuhesabu jasho la mikono tu. Nijibu upesi kama umenielewa, kabla ya gulio lijalo, nisikae na wasiwasi.