Dawa ya Mjomba Beda

Juzi, katika duka la dawa nililofungua Ifakara baada ya kurudi na stashahada yangu ya famasia, runinga ilisema mwanariadha aliyevunja rekodi anashukiwa kutumia dawa. Wateja wakaguna. Mimi nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni huko Kivukoni, wakati wa mashindano ya mitumbwi ya kugombea beberu.

Mjomba Beda alivuka mto na kurudi kwa kasi ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Ukingoni palinuka samaki na tope, na watu walizomea.

"Huyo ana dawa. Mikono ya mtu haiendi hivyo."

"Beberu apewe wa pili."

Walimaanisha dawa ya mganga. Mimi niliijua klorokwini ya malaria tu, chungu kuliko shubiri. Nikamshika mjomba mkono uliolowa.

"Shikamoo mjomba. Pole, kumbe unaumwa?"

Wazomeaji walicheka. Yeye alikuwa akimtazama beberu wake akikokotwa kupelekwa kwa mwingine.

"Marahaba, mwanangu. Naumwa kweli."

Nikakimbia nyumbani kumletea klorokwini ya mama. Aliimeza bila maji. Ndiyo dawa pekee niliyowahi kumpa mtu bila cheti cha daktari.