Gunia Shambani kwa Mama Hadija

Msinicheke sana, maana aibu hii nimeibeba tangu ujana wangu, na mpaka leo nikiona gunia natazama pembeni.

Enzi zile za mkoloni, miaka ya hamsini, nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza pale Wenje, na siku hiyo nafundisha jinsi rangi inavyomwokoa mnyama, nikawaonyesha panzi wa kijani akipotelea majanini, watoto wakafurahi, mpaka kasichana kamoja, Habiba, kakasema, "Lakini mwalimu, panzi ni mdogo. Wewe tungekuona tu." Hapo ningenyamaza. Sikunyamaza.

Nikavua shati na kaptula, nikajivika gunia lenye rangi ya mabua makavu, nikawaambia wahesabu mpaka mia (walijua mpaka ishirini tu, wakawa wanarudia) halafu wanitafute kwenye mahindi yaliyokauka kando ya mto. Nimeshachuchumaa ndipo nikatazama juu: kwenye dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, ameketi mama yake Hadija na kombeo lake mkononi. Na huyo Hadija ndiye niliyempelekea posa, jibu Ijumaa! Sasa nisimame mbele ya mkwe na gunia, niseme nini? Nikaganda. Donge la kwanza la udongo likanipata begani, la pili sisemi lilinipata wapi, nikaona bora nitoroke kwa miguu na mikono asinitambue.

"Nyani! Nyani huyo, jamani!"

Wanafunzi wangu nao, watiifu kweli, wakaja mbio na fimbo. Nikachomoza miguuni pa mama huyo, aliyekwisha kushuka dunguni, matope mpaka kwenye nyusi, na neno pekee lililonijia likawa, "Shikamoo mama."

Akajifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika. "Marahaba, mwalimu. Mahindi yangu umeyaonaje?"

"Kumbe kweli haonekani!" Habiba akashangilia.

Sikula vizuri siku tatu, nikijua Hadija nimemkosa, na nilimpenda jamani. Ijumaa mshenga akaja anajiuma midomo asicheke: posa imekubaliwa, ila mama ana sharti, nilinde lile shamba mpaka mavuno, kwa kuwa mtu anayekimbia vile lazima anawajua nyani wote wa Wenje kwa majina.

Nikalinda, nikaoa. Lakini tangu siku ile rangi za wanyama nilizifundisha ubaoni, kwa chaki, nikiwa nimevaa nguo zangu zote.