Rangi ya Chini

Naikumbuka Jumamosi moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka moyo hupiga paa kama vile imetokea jana. Nimesikia nawe unajiandaa kwa mashindano ya kuchora hadharani, yale ya kuwekewa saa, watu wamekuzunguka na simu zao juu. Nikasema, huyu asiende kabla sijamweleza yaliyonikuta. Hebu kaa. Chai inakuja.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nachora kwenye karakana moja pale Buguruni, nyuma ya mafundi magari, kwa rangi za mafuta za kopo, zile zinazong'aa kama baiskeli mpya. Kazi tuligawana. Mzee mmoja wa kutoka Masasi, Mzee Nampoto, yeye alikuwa na rangi ya chini: anachukua ubao mtupu, anaupaka wote bluu, au njano inayoishia kwenye wekundu, kisha anauegemeza ukutani. Mimi nikifika naukuta tayari. Nachora ndege wangu, natia vinukta vya rangi, naandika jina langu pembeni: Somoe. Watalii wananunua, mafundi magari wananiita Profesa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nililitia ndoo nzima.

Basi yakatangazwa mashindano pale Mnazi Mmoja. Muda ni saa mbili tu, na mshindi atapewa nafasi ya kwenda kusomea uchoraji chuoni. Baba akanikalisha chini.

"Somoe, ukiipata nafasi hiyo, chora mpaka uzeeke, sitakuuliza. Ukiikosa, brashi unaweka chini, unaenda Kariakoo kwa shangazi yako kuuza kanga. Tumeelewana?"

Nikacheka! "Baba, hiyo nafasi ni yangu, mwenyewe utaona."

Usije ukasema sikujiandaa. Wiki tatu nzima nilijiandaa, saa ya ukutani nimeiweka mbele yangu. Ndege wanne, mti mmoja, vinukta: saa moja na nusu. Nikakaza, nikashuka mpaka saa moja na dakika kumi. Moyoni nikasema hata nikipumzika katikati ninywe soda, nitamaliza.

Mzee Nampoto alikuwa akinitazama. Wiki ya kwanza akaniambia, "Binti, leo piga mwenyewe rangi ya chini." Nikamjibu, "Babu, mimi mchora ndege, siyo wa kupaka kuta." Ulimi huo, mwanangu! Mzee mwingine angenipiga kofi. Wiki ya pili akarudia, nikamwambia sina muda wa kuchezea. Wiki ya tatu akaniwekea kopo la bluu mkononi kabisa. Nikalirudisha mezani. Kwa heshima, lakini nikalirudisha. Akaendelea kukoroga rangi zake.

Siku ikafika. Wingu zito limetanda juu ya bonde la Jangwani, hewa imejaa unyevu, nguo zinagandia mgongoni. Tukagawiwa mbao, zote nyeupe, tupu. Kuja na ubao wako marufuku. Sikushtuka hata kidogo. Nikasema napaka bluu dakika kumi, naanza ndege. Kengele ikalia, nikapaka. Bluu safi kabisa! Nikasubiri kidogo, nikachovya nyeupe, nikamvuta ndege wa kwanza.

Ndege akateleza.

Mama yangu wee! Shingo imezama kwenye bluu, mbawa zimetawanyika kama yai kwenye kikaango. Nikadhani brashi ina kasoro, nikabadilisha. Wa pili naye vilevile. Nikagusa ubao kwa kidole, kikatoka na bluu tupu. Rangi ilikuwa mbichi! Nilipigwa na butwaa, nikasimama pale mdomo wazi. Miaka minne nachora kila siku ya Mungu, na sikuwa najua rangi ya chini inachukua muda gani kukauka. Hakuna aliyenificha. Sikuwahi kuuliza.

Nikapuliza. Nikapepea kwa upindo wa kanga. Mwisho, akili zikiwa zimeshanihama, nikachukua gazeti nikalibandika juu ya ubao linyonye mafuta. Nilipolibandua, habari za mpira zimebaki kwenye picha, herufi zimegeuka nyuma mbele. Watu wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Dada, unachora au unachapa gazeti?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Pembeni yangu alikuwepo msichana wa Kihindi wa pale Kisutu, Hansa, kwao wanauza vitambaa. Rangi zake zilikuwa za mafuta kama zangu. Nikamtazama, nikashtuka upya: anachora kinyumenyume! Alianza na ndege juu ya ubao mtupu, kisha kwa brashi nyembamba akaijaza bluu katikati yao, taratibu, bila kuwagusa. Kengele ya mwisho ilipolia alikuwa anafuta mikono.

"Nani amekufundisha hivyo?" nikamuuliza.

"Hakuna, dada. Nimeharibu mbao kumi na moja nyumbani. Kila mara rangi inakataa kukauka, mpaka nikapata njia hii."

Nafasi akapewa yeye, na ilikuwa haki yake. Mimi nikaenda moja kwa moja Buguruni, hasira zimenijaa, hata shikamoo nikaisahau.

"Babu, mbona hukuniambia rangi haitakauka?"

Mzee Nampoto akaweka kopo chini. "Nilikuambia mara tatu upige mwenyewe. Ungepiga mara moja tu, yenyewe ingekuambia." Akanionyesha ukuta kwa kidole. "Mbao zako huwa nazipaka leo, wewe unachora kesho kutwa. Miaka minne, Somoe, hujawahi kuuliza zinatoka wapi."

Nikageuka ukutani. Picha zetu zimepangwa, zinasubiri wateja, na kila moja ina jina moja tu, langu. Usione vyaelea, vimeundwa. Aibu niliyoipata pale ilizidi ya Mnazi Mmoja, maana huku hakuna aliyecheka.

Jumatatu Baba hakunigombeza. Alinipeleka mwenyewe Kariakoo, akanikabidhi kwa shangazi. Nikauza kanga miaka tisa. Miaka tisa, mwanangu, namkunjulia mteja kanga huku mkono wangu unawashwa kwa kutamani brashi! Shangazi alipofunga duka kabisa ndipo nikarudi karakana. Nikaambiwa Mzee Nampoto alikwisharudi kwao Masasi, na huko huko akazikwa. Kumbe tangu siku ile sikuwahi kumwambia ahsante, wala samahani.

Sasa nisikilize vizuri. Usijipime kwa ile sehemu unayoipenda peke yake, ukaja kujidanganya kwamba umejiandaa. Chukua ubao mtupu, weka saa, fanya kazi yote tangu mwanzo mpaka mwisho, siku ya jua na siku ya wingu. Haribu nyumbani, ambako hakuna wa kukucheka. Mkubwa akikuambia jambo mara tatu, acha unachofanya ujaribu, hata kama unaona linakushusha hadhi. Na yeyote anayekutangulizia kazi, awe anakupakia rangi mbao au anakuoshea brashi, kamuulize leo anafanyaje, na jina lake uliandike karibu na lako. Leo, siyo ukishashinda. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nimemlea peke yangu.

Haya, chai yako inapoa. Mola aufungue mkono wako, akupe jua siku hiyo, akuwekee karibu mtu wa kukukatalia unapokosea, na akupe sikio la kumsikia angali hai. Amina.