Neno Nililoliandika Kisimani Timbwani

Walisema sitafika hata Aden. Muuza samaki wa Timbwani alisema bahari itanitapisha mpaka nahodha anishushe bandari ya kwanza. Binamu yangu mmoja alisema Uingereza hawachukui mtu aliyesoma kwa kibatari. Shemeji yangu, ambaye mpaka leo hukwepa mazungumzo hayo, alisema mbele ya watu, tena harusini, kwamba nikipata diploma yeye atavuka kivuko cha Likoni kwa kuogelea. Diploma niliipata, ya afya ya jamii, daraja la juu, na iko ukutani nyuma yangu ninapoandika haya. Shemeji hajaogelea.

Ada ya chuo niliipata kwa kushindana na vijana wa pwani nzima. Nauli na matumizi ya miezi ya mwanzo nilikopeshwa na watu watatu. Mama mkubwa, dada yake mama, aliuza vikuku vyake. Jirani yetu, Mrabai aliyekuwa kuli bandarini, alinipa akiba aliyoiweka kwa ajili ya mabati ya nyumba yake. Na maalimu wa madrasa yetu alinipa fedha alizokuwa akizikusanya aende Hija. Wote watatu niliwaambia ni mkopo, si sadaka, na maalimu akanijibu, "Basi rudi mzima, unilipe nikiwa ningali na magoti ya kuzunguka Kaaba."

Mji niliosomea ulikuwa wa viwanda vya nguo, na mto wake ulibadilika rangi kwa dawa za vitambaa zilizomwagwa humo, kufuata kazi ya wiki: Jumatatu mwekundu, Alhamisi buluu. Siku moja mwalimu wetu alitutaka wageni tuliokuwa darasani tuandike ubaoni, kila mtu kwa lugha ya kwao, neno la kitendo kile ulichofanyiwa mto ule. Nakumbuka vizuri sana kwa sababu ndiyo siku pekee katika miaka mitatu niliyokosa jibu.

Msudani alikuwa wa kwanza. Aliandika talawuthi, akasema asili yake ni kupaka, kama mtoto anavyojipaka uji usoni. Mhindi akaleta neno ambalo mzizi wake, dush, ni kuharibika, na akasema mzizi huohuo umezaa jina la dosari ya mtu. Mjerumani alisema kwao neno limejengwa kama ukuta, tofali juu ya tofali, na ukiyatenganisha matofali utapata "kukifanya kitu kisiwe safi" na si zaidi. Mchina wa Malaya alichora alama mbili. Ya kwanza uchafu, alisema. Ya pili ni kutia rangi kitambaa. Tukageuka sote kuutazama mto dirishani, na kwa mara ya kwanza darasa zima likacheka pamoja.

Mimi niliandika "kuchafua", nikafuta. Bahari yenye mawimbi twasema imechafuka. Chumba kilichovurugwa kimechafuliwa. Nchi yenye ghasia ina machafuko. Niliona neno langu linakwenda kila mahali, halikai mtoni. Nikaandika "taka", nikafuta, kwa kuwa hilo ni jina la kitu na si la kitendo. Mwalimu akanihurumia, jambo nisilolipenda. Akaniambia nisihuzunike, kwani hata Kiingereza hakikuwa na neno lake. Kilichukua la Kilatini, na kwa karne nyingi neno hilo lilikaa kanisani: lilitumiwa kwa madhabahu iliyotiwa unajisi, au kwa mwili wa mtu. Halafu polepole likatoka kanisani likateremka mpaka mtoni. Maneno, alisema, hutembea.

Nilirudi na wazo hilo kichwani. Na nilirudi kwa fahari, sitalificha hilo. Ilikuwa mwaka uliotangulia uhuru. Nilipewa cheo cha mkaguzi wa afya upande wa Likoni, pamoja na baiskeli mpya. Kazi ya kwanza niliyoifanya kwa fedha yangu ilikuwa kumchimbia mama choo cha shimo, kirefu kuliko vyote Timbwani, chenye mfuniko wa saruji. Nilikipima mwenyewe: hatua arobaini kutoka kisima cha msikiti, zaidi ya zile ambazo kitabu changu kilizitaka. Watu walikuja kukitazama. Mama alikuwa akiwafungulia mfuniko kama anayeonyesha kabati la vyombo.

Mvua kubwa za mwaka uliofuata zilipokwisha, watu wakaanza kuugua. Kwanza kuhara, kisha homa ile ndefu ya matumbo. Nyumba mbili, nyumba tano. Nilichukua maji ya kisima kwa chupa, nikayapeleka kupimwa kisiwani, ng'ambo ya kivuko, na jibu lilirudi kama nilivyohofu: vijidudu vya chooni vilikuwa vimejaa. Ilinibidi niwaambie watu wasiyatumie, upesi, na kwa neno ambalo hakuna atakayelipuuza. Nikakumbuka neno lililotoka kanisani likaenda mtoni. Nikafikiri letu la msikitini nalo laweza kutembea hatua chache mpaka kisimani. Nilipaka ubao chokaa, nikaandika kwa lami, na asubuhi ya Ijumaa nikaupigilia misumari pale watu wanapotekea maji:

MAJI HAYA NI NAJISI. MSIYATUMIE.

Baada ya swala niliwakuta watu wamesimama kuuzunguka ubao, maalimu katikati.

"Shikamoo, maalimu."

"Marahaba. Haya ni maandishi yako?"

"Naam, ni yangu."

"Wajua uzito wa neno hili?"

"Maana yake maji ni machafu. Yana vijidudu."

"La. Maana yake sote tuliotawadha hapa tangu mvua zianze hatukusali. Maana yake nguo zote zilizofuliwa hapa zifuliwe tena. Na yule mzee tuliyemkosha hapa mwezi uliopita, maana yake tulimzika bila kumkosha. Utakwenda kumfukua, umkoshe kwa diploma yako?"

Watu walicheka, kicheko kile cha kumtaka mtu aende zake. Maalimu hakucheka. Aliomba kata, akateka maji.

"Kisima hiki kimezidi kulla mbili, kile kipimo cha sheria cha maji mengi, tena mara nyingi," alisema. "Maji mengi namna hii hayanajisiki mpaka yabadilike. Rangi?"

"Haikubadilika."

"Harufu?"

"Hakuna."

"Ladha?" Akaninyooshea kata.

Sikuipokea. Mbele ya Timbwani nzima, nilirudisha mikono nyuma. Maalimu alinitazama, akasema bismillahi, akayanywa yote mpaka tone la mwisho, akafuta ndevu. Sauti ya nyuma ikasema, "Bwana Afya kaona kiu yake imekwisha ghafla," na kicheko kikarudi.

Hakuugua. Hilo ndilo lililoniua. Kila asubuhi nilipita mbele ya nyumba yake nikitaraji mabaya na kuyaogopa kwa pamoja, na kila asubuhi alikuwa barazani akisomesha, sauti kavu kama kawaida. Na watu, hata wale waliokuwa wameanza kuteka kwenye bomba la kivukoni, walirudi kisimani kwa makusudi, kunikomoa. Mshahara wangu wote wa mwezi ule nilikwenda nao kwa maalimu nianze kumlipa. Aliurudisha. "Fedha ya Hija," alisema, "siipokei kwa mtu anayesema nimesalisha watu bila udhu." Yule Mrabai naye alizikataa zake mlangoni. "Mimi si Mwislamu," alisema, "lakini mke wangu huteka pale. Kwa hiyo mimi, babu wee, nimekula ugali wa najisi mwaka mzima? Ziweke hizo. Ukishajua cha kusema, njoo."

Mama mkubwa hata sikupata kumpelekea. Siku hiyohiyo alianguka jikoni kwa homa, na tulimvusha kwa kivuko, kisha kwa gari mpaka hospitali upande wa Changamwe, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. "Mwanangu," alinong'ona, "nikipona n'takwenda kuteka palepale. Usiniaibishe na majirani." Nikajua kwamba akipona na kurudi kwenye maji yale, hatapona mara ya pili.

Nilikuwa nimekaa kwenye ukumbi wa hospitali, nikimtazama muuguzi akitia vidonge vya zambarau kwenye beseni, maji yakigeuka rangi, nilipomkumbuka yule Mchina na alama zake mbili. Uchafu, na kutia rangi. Maalimu alitaka rangi. Basi nitampa rangi.

Katika ghala la idara kulikuwa na unga mwekundu wa kuchunguzia mabomba. Ukiingia majini hugeuka kijani kinachong'aa, na haudhuru. Nilikwenda kwa maalimu nikamweleza mbele ya watu, bila neno lolote la kitabuni: nitautia chooni, na tutazame kisimani. Alifikiri, akasema, "Hilo jicho laweza kuliona. Fanya." Nilianza na choo cha msikiti, kilicho karibu zaidi. Siku tatu, kisima ni kilekile. Nikatia choo cha madrasa. Siku tatu nyingine, hakuna kitu. Watu walianza kuniuliza njiani kama nimepoteza unga au akili. Kilibaki choo kimoja upande ule wa juu, na nilikuwa nimekiacha cha mwisho kwa sababu nilikuwa na hakika nacho kuliko nilivyokuwa na hakika na jina langu.

Niliutia unga choo cha mama alasiri. Kesho yake, jua halijapanda, wanawake waliokuwa wakiteka walipiga kelele mpaka nikazisikia nikiwa nyumbani. Kisima chote kilikuwa kijani, kijani cha tumbo la kasuku.

Kitabu changu kiliandikwa kwa udongo wa Uingereza, udongo mzito unaochuja. Timbwani ni mwamba wa matumbawe, una matundu kama sifongo. Shimo langu refu, lile la fahari, nilikuwa nimelifikisha kwenye ufa uliokwenda moja kwa moja chini ya hatua zangu arobaini.

Wapo watu wengi wenye diploma ambao wangesema unga umekosea. Mimi nilisimama pale kisimani nikasema, "Choo ni changu. Nilikichimba mimi. Ugonjwa umetoka kwangu." Najivunia maneno hayo kuliko daraja nililopata. Hakuna aliyecheka.

Maalimu aliteka maji yale ya kijani, akayashika juani.

"Rangi hii ni ya nini?" aliniuliza.

"Ya unga wangu."

"Unga wenyewe ni safi?"

"Safi."

"Basi maji yamebadilishwa na kitu safi. Sheria ni ileile, si najisi." Aliwageukia watu, akapaza sauti. "Swala zenu ni sahihi. Udhu wenu ni sahihi. Marehemu tulimkosha. Asirudie mtu hata rakaa moja." Ungeona mabega yalivyoshuka! Mzee mmoja alikaa chini kabisa, akashika kichwa akisema alhamdulillahi, alhamdulillahi. Kumbe wakati wote ule, chini ya vicheko vyao, walikuwa wakihesabu swala walizosali kwa maji yale.

"Lakini," maalimu aliendelea, "unga huu umetuonyesha njia, na njia hiyo yapita mavi ya chooni kuja kinywani mwenu. Kunywa kinachodhuru si halali, hata kikiwa twahara. Rangi ikiisha, tawadheni hapa. Msinywe hapa." Kisha akaniambia, kwa upole uliokuwa mzito kuliko hasira, "Ungeandika hivyo tu, mwanangu. Kilichoingia na njia iliyopita. Watu wangekuelewa siku ile ile."

Ubao wa pili niliuandika hivyo: MAJI YA CHOO YAINGIA KISIMA HIKI. MSINYWE. Hakuna aliyeuliza maana yake.

Nilikifukia choo cha mama siku hiyohiyo kwa chokaa na mawe, nikajenga kingine kisicho na kina, mbali upande wa chini. Tulikitia kisima dawa, na tukateka kwenye bomba la kivukoni mpaka vipimo viwili mfululizo viliporudi safi. Nyumba moja baada ya nyingine, homa ilitoka. Kwa homa ile hatukumzika mtu. Mpaka leo, nikiamka nikiwa na wasiwasi wa jambo lolote, hujiambia maneno hayo na kifua kikafunguka.

Tangu hapo nimekuwa mkusanyaji wa maneno ya jambo hili. Nimejifunza kwamba Warusi walilipata lao kwenye tope, na Wajapani wana moja ambalo halitaji uchafu hata kidogo: ni madhara yaliyowapata watu wote. Hilo ndilo ninalolipenda. Sisi siku hizi tunaandika uchafuzi, na ni neno zuri, ingawa mimi kila nikilisoma naiona bahari ikichafuka kwanza. Maneno hutembea, mwalimu wangu alisema kweli. Hakusema tu kwamba yana kwao, na kwamba walio nyumbani kwao ndio wanaoyapa ruhusa ya kutoka. Kanisa la Kiingereza huenda lilikuwa limehama tayari. Msikiti wa Timbwani ulikuwa na watu ndani.

Mama mkubwa alirudi kutoka hospitali miezi michache kabla ya bendera mpya kupandishwa, amekonda, analalamikia chai ya wauguzi. Nilisubiri siku tatu apate nguvu. Siku ya nne nilivaa koti, ingawa jua lilikuwa kali, nikatoka na bahasha tatu. Mrabai alizihesabu fedha zake mlangoni, akarudia kuhesabu, akasema, "Sasa unajua cha kusema?"

"Najua."

"Sema basi."

"Ahsante."

"Ndiyo hiyo," alisema, akamwita mkewe aje ayatazame mabati yake yakiwa bado karatasi.

Mama mkubwa aliichukua yake akaitia chini ya mto bila kuifungua, akaniamuru nivue koti nisije nikazimia. Maalimu nilimkuta barazani akisomesha. Alipokea kwa mikono miwili, akaufunga msahafu.

"Magoti yangali yapo?" nilimuuliza.

"Yapo," alisema, akainuka kunionyesha.