Kisa kodi: kiwanda nilichokitumikia miaka minane Durban kilivyonifanya "mgeni"

Wakuu, salaam kutoka Durban.

Haya yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa kijiweni. Wala sijaongeza chumvi, chumvi yote iko kiwandani kwenye achari.

Mimi ni fundi wa mashine za kufungashia. Mzaliwa wa Kigoma, mkazi wa Albert Park. Kwa miaka minane kazi yangu ilikuwa kwenye kiwanda kimoja cha achari na viungo huko Jacobs, eneo la viwanda.

Kwenye makaratasi nilikuwa contractor. Mtu na kampuni yake, natuma invoice, kodi najilipia.

Kiuhalisia? Naingia saa moja asubuhi, navaa ovaroli yenye jina lao kifuani, nina kabati langu, na nikitaka kwenda kwa daktari namwomba ruhusa Deon, meneja wa uzalishaji.

Kampuni gani inaomba ruhusa ya kwenda kwa daktari? Lakini hakuna aliyeuliza. Hela inaingia, maisha yanasonga.

Tulikuwa wawili wa namna hiyo. Mwenzangu ni Fiston, fundi umeme, Mkongo wa Kalemie, jirani yangu pale ghorofani.

Siku moja tukaitwa ofisini. Mhasibu wao kashtuka: kanuni zinabadilika, watu wa kodi wamekaza kamba. Ukifanya kazi kwenye eneo la mteja, kwa amri za mteja, basi kikodi unahesabika mfanyakazi. Mteja asipokukata kodi, msala unamwangukia yeye.

Samantha wa HR akatufungulia slaidi zenye rangi nzuri. Uchaguzi ni wetu, anasema.

Tukubali kukatwa kodi kama wafanyakazi, ila likizo hakuna, ukiumwa ni shauri lako.

Au "tuthibitishe" kwamba tuko huru, yaani ni kampuni kweli, hatupokei amri zao.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo kwenye kodi mimi ni mfanyakazi, kwenye likizo ni mpita njia?"

Akatabasamu. "Basically, yes."

Fiston akaninong'oneza, "Ndugu, aba bantu banataka kutukamua mara mbili." Halafu akauliza kwa sauti kwa nini wasituajiri tu. Samantha akasema nafasi za ajira zimefungwa. Alivyolisema, ungedhani zimefungwa na Mungu.

Tukachagua uhuru. Nikaomba basi rate ipande kidogo, maana sasa bima juu yangu, vifaa juu yangu. Jibu: "Rate haibadiliki, kinachobadilika ni uhusiano."

Wakuu, hapo ndipo sinema ilipoanza.

Ovaroli zikachukuliwa. Kabati likachukuliwa. Kantini marufuku. Kila asubuhi nasaini getini kama mgeni, nabandikwa stika, halafu nakalishwa kutazama video ya usalama. Kila asubuhi! Inanionyesha mlango wa dharura ulipo. Mlango ambao bawaba zake nilizifunga mimi.

Lakini kichekesho kikubwa ni Deon. Aliambiwa asinipe amri, kwa sababu amri ndiyo inayonifanya mfanyakazi. Basi anakuja anasimama karibu na mimi, anaangalia dari, anasema, "Ingependeza kama mtu fulani angeitazama mashine ya line two."

Mtu fulani! Na mtu fulani ni mimi, niko peke yangu pale.

Na mimi naiambia mashine, "Mtu fulani amesikia."

Tukaendelea hivyo, watu wazima wawili wenye familia zao, tunaongea na vyuma.

Nikawaza: kama niko huru, ngoja niwe huru kweli. Nikatafuta wateja wengine. Nikampata Bi Zaina, mama wa Kiislamu mzaliwa wa hapa Durban, ana kiwanda kidogo cha sambusa za kugandisha. Mkataba wake ukurasa mmoja. Chai yake haina stika.

Siku moja niko kwa Bi Zaina, mashine nimeifumua yote, simu inaita. Deon. Line two imelala, na lori la mzigo liko getini.

"Njoo sasa hivi!"

"Deon, hiyo ni amri?"

"Eish... ni ombi."

"Sharp, hakuna shida. Ombi nimelipokea. Nitafika kesho mchana."

Hapo akapasuka. "Kesho? Wewe ni mtu wetu!"

Nikamwambia kwa upole, "Naomba hilo uniandikie kwenye email."

Akakata simu.

Nilicheka mpaka Bi Zaina akaja kuniangalia. Nilijiona mjanja kweli.

Wiki iliyofuata Samantha akaniita. Zile nafasi zilizofungwa, kumbe zina ufunguo. Akanipa ofa ya ajira kamili: likizo, bima, vyote, ila mshahara uko chini ya nilichokuwa natoza. Nikakataa. Nikasema nije kwa kuitwa tu, kwa bei yangu mpya. Akasema watafikiria.

Walifikiria haraka sana.

Jioni Fiston akagonga mlango wangu. Hakukaa.

"Banipatia ile kazi. Umeme na mashine zako pia. Nimesaini."

Nilitaka kumtukana. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kabla.

Akasema, "Ningekuambia, ungenizuia. Ndugu, niko na batoto batatu. Ile liberté yako, ule uhuru, siwezi kuipika bakakula."

Akashuka ngazi, lifti ilikuwa mbovu kama kawaida.

Miezi kadhaa tulisalimiana kwa kichwa tu. Baadaye hasira ikaisha yenyewe. Hakuniibia. Mimi niliiacha kazi mezani nikiwa nafurahia kushinda mabishano ya simu.

Sasa nina wateja watano wadogo, nazunguka mji mzima. Mwezi huu neema, mwezi ujao mate makavu. Lakini hakuna anayenibandika stika.

Juzi Fiston kanitumia picha. Yuko Kalemie na mama yake, miguu ndani ya ziwa, likizo ya kulipwa. Mimi niliipokea nikiwa chini ya mashine ya Bi Zaina, grisi mpaka masikioni. Nimeikuza mara kadhaa ile picha.

Nilichojifunza: mteja akikutangazia kwamba uko huru, muulize kwanza nani atalipia huo uhuru. Na kabla hujajibu kwa mbwembwe, jua unachotaka mwenyewe.

Wenye uzoefu wa hizi kazi za mkataba, hasa mlio nje, mngechukua ajira au mngeondoka? Na mabosi wa HR mliomo humu, karibuni pia. Leo hakuna kusaini getini.